Bingwa wetu wa mifupa ya watoto anastaafu, tumuage na nini?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni afisa tabibu kwenye kliniki ya mifupa ya watoto, mkoa sisemi maana watanijua. Mzee wetu, bingwa aliyetufundisha sisi wote kunyoosha miguu kifundo, ile ya watoto wanaozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, anastaafu mwisho wa mwaka. Huko kwenye grupu la WhatsApp la kazini ni vurugu tupu, kuna wanaotaka keki na ngao, kuna wanaotaka suti, kuna mmoja kasema tumnunulie ng'ombe kabisa. Mi naona vyote sawa ila kuna kitu kinapelea. Wewe ungempa nini? – Kijana wa plasta

JIBU: Marahaba mwanangu. Ng'ombe msimtupe kwanza, mstaafu na maziwa ya kwake si jambo dogo. Ngao ndo sioni, nyumba za madaktari wazee zimejaa ngao zinafutwa vumbi tu na wajukuu.

Sasa nikwambie habari ya mwenye njia yenyewe mnayotumia kila siku. Ignacio Ponseti alizaliwa Menorca, kisiwa cha Hispania, 1914, baba yake fundi saa na yeye mwenyewe akiwa kijana alikuwa anamsaidia kutengeneza saa, mi huwa nafikiri ndo maana vidole vyake vilikuwa na ule utulivu. Kamaliza udaktari Barcelona 1936, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania ikaanza hapo hapo, akatibu majeruhi upande wa Jamhuri mpaka waliposhindwa, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico akawa daktari wa kijijini, na 1941 akafika Iowa, Marekani, kwa bingwa mmoja mkubwa aitwaye Arthur Steindler. Mkimbizi, hana kitu.

Hapa ndo patamu. Steindler akampa kazi ambayo vijana wengi mngeona ni adhabu, apitie mafaili ya watoto wa miguu kifundo waliopasuliwa hapo hospitali miaka ya nyuma aone wanaendeleaje. Akakuta miguu migumu, dhaifu, inauma, na wenyewe washakuwa watu wazima. Yaani mwalimu kamwachia mwanafunzi achunguze kazi ya mwalimu mwenyewe, na majibu yalipokuja mabaya hakufukuzwa. Kwangu mimi huo ndo ualimu, kwetu hapa ungejaribu hivyo ungehamishiwa stoo.

Kuanzia hapo Ponseti akatengeneza ile njia unayoijua kuliko mimi: unaushika mguu wa kichanga taratibu, unaunyoosha kidogo, unafunga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja goti likiwa limekunjwa, kila wiki unabadilisha, plasta tano sita hivi, halafu wengi wanakatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo na kufungwa plasta ya mwisho wiki tatu. Akaandika matokeo 1963 na wenzake wakampuuza, kupasua ndo kulikuwa na heshima bwana, nani ajisifie kufunga plasta! Akastaafu 1984, lakini hakutulia nyumbani, akarudi kliniki. Kitabu chake kimetoka 1996 ana miaka 82, na wazazi walipoanza kuambizana kwenye intaneti ndo dunia ikageuka. Amefariki 2009 akiwa na 95, na tarehe aliyozaliwa, 3 Juni, leo ndo siku ya mguu kifundo duniani.

Nataka uone wanafunzi wake walimfanyia nini. Mwaka 1995 wenzake wa Iowa, Cooper na Dietz, walichapisha matokeo ya watu 45 waliotibiwa wakiwa wachanga, sasa watu wazima wenye kazi zao, kwa wastani miaka 30 imepita. Asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, na walipowalinganisha na watu wa kawaida ambao hawakuzaliwa na ulemavu wa mguu, hao nao walipata 85 tu. Hiyo ndo zawadi sasa. Ngao gani itaongea hivyo?

Kwa hiyo ushauri wangu, wekeni keki yenu, halafu fungueni mafaili ya mzee. Tafuteni watoto wake wa zamani, namba za simu zitakuwa zimebadilika nusu yake kwa hiyo tumieni wahudumu wa afya wa vijijini, ombeni ridhaa, waangalieni wanavyotembea, wanavyochuchumaa, viatu gani wanavaa, wanaumwa au hawaumwi. Andikeni na walioharibikiwa pia, msifiche, mzee mwenyewe ndo atataka kujua hao. Na mumuombe awe anakuja siku moja kwa wiki, asifanye kazi, akae tu awaangalie mikono.

Maana njia hii imeenea kwa mikono, si kwa makaratasi. Uganda alikuwepo Norgrove Penny kutoka Kanada, na Shafique Pirani ambaye vipimo vyake vya ukali wa mguu, sifuri mpaka sita, mnavijaza kila siku, na Mholanzi Michiel Steenbeek akabuni viatu vya fito vya kuzuia mguu usirudi, vinavyotengenezeka na fundi wa hapa hapa. Malawi nao ndo walionyesha 2005 kwamba afisa tabibu kama wewe akifundishwa vizuri anaunyoosha mguu bila bingwa kusimama pembeni. Umesikia? Kama wewe. Mzee wako anaondoka lakini vichanga vya Januari vitakuja kwako, basi na wewe tafuta wawili wa kuwashika mkono mapema.

SWALI: Anti, mwanangu wa miezi mitano kamaliza plasta, miguu imenyooka vizuri kabisa, sasa kapewa vile viatu vyenye fito katikati. Analia usiku kucha na bibi yake anasema tuvue, mguu si umeshapona? – Mama Njia Panda

JIBU: Usivue, na bibi mwambie nampa shikamoo yake lakini hapana. Mguu kifundo unapenda kurudi, na unarudi hasa kwa wanaoacha viatu. Miezi mitatu ya kwanza saa 23 kwa siku, ile saa moja inayobaki ni ya kuoga, baada ya hapo usiku na akilala mchana mpaka afike miaka minne mitano. Siku za kwanza analia kwa sababu hajazoea kupiga miguu yote pamoja, mchezeshe huku umeshika fito, apige yote miwili, atazoea. Ila mvue uangalie ngozi kila siku, soksi za pamba, kisigino kikae chini kabisa ndani ya kiatu. Ukiona kidonda, au kiatu kinachomoka kila saa, usikae nacho nyumbani ukisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho asubuhi, na viatu vyenyewe ubebe.