Friji inagoma jioni: je, nifungiwe transfoma ya kupandisha umeme?

SWALI: Nina duka la vinywaji kijijini, Sengerema. Mchana friji inafanya kazi vizuri. Ikifika saa moja jioni taa zinafifia, friji inanguruma, inalia "tik" na kuzima. Fundi alipima akapata volti 165. Anataka kunifungia transfoma ya kupandisha hadi 230. Ni salama?

JIBU: Dada, pole na hasara. Kwanza, jioni hii ukisikia tu hiyo "tik", chomoa plagi. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 165 kompresa yako inabaki na karibu nusu tu ya nguvu yake. Inashindwa kuanza, inavuta umeme mwingi, inachemka, ndipo kinga iliyo ubavuni mwake inakata. Ikirudia hivyo usiku hadi usiku, waya za ndani zitaungua.

Transfoma aliyokutajia fundi usiikubali. Yenyewe huzidisha tu. Ili 165 iwe 230 lazima izidishe kwa karibu 1.4. Sasa fikiria saa tisa usiku, kijiji kimelala na umeme umerudi 228: friji yako itapokea karibu volti 319, nawe umelala.

Kinachokufaa ni stabilaiza. Nayo ina transfoma ndani, ila inapima umeme unaoingia na kubadili hatua yenyewe, na ukizidi inakata. Soma kibandiko chake: ianzie volti 140 au chini ya hapo, na iwe na ucheleweshaji wa dakika 3 hadi 5 ili gesi ya friji itulie kabla kompresa haijawashwa tena. Kwa friji ya wati 150 usinunue ya VA 500 (VA ni kipimo cha mzigo ambao stabilaiza inaweza kubeba) kwa sababu ya bei; kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Chukua VA 1500 au 2000.

Lakini kabla ya kutoa hela, mwambie fundi apime jioni ileile kwenye mita na kwenye soketi ya friji, friji ikiwa inajaribu kuwaka. Hili naliomba kwa moyo wote. Mita ikisoma 215 na soketi 170, umeme unapotelea ndani ya duka lako: waya mwembamba uliovutwa mbali, au jointi iliyolegea. Nimewahi kufungua soketi ya duka nikakuta skrubu inazunguka kwa kidole, plastiki imekuwa kahawia na inanuka. Stabilaiza ingevuta ampea nyingi zaidi kupitia skrubu hiyohiyo, maana volti inazoongeza kwako huzilipia kwa ampea kutoka kwenye laini. Hapo ndipo moto huanzia. Kaza, badilisha waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, kisha pima upya.

Ukiona baadhi ya taa zinafifia na nyingine zinang'aa kupita kiasi, zima meni swichi, uwapigie TANESCO mara moja. Huenda nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imekatika.

Ikiwa mita yenyewe inasoma 165, shida iko kwenye laini. Andika vipimo vya jioni kadhaa pamoja na saa zake, majirani nao wapime kwao, mvipeleke ofisini pamoja. Kila stabilaiza inayoongezwa kijijini huvuta zaidi kwenye laini iliyochoka, na wasio nayo hubaki na volti chache kuliko jana.