Mnaoanza kupiga picha Route 66, someni hapa kwanza

Wadau, hii barabara ya zamani ya Marekani ina kama kilomita 3,900 kutoka Chicago mpaka Santa Monica, na anayetaka kuimaliza kwa wiki moja anaishia kupiga picha dirishani mwa gari. Chagua kipande kimoja ukae nacho. Mimi ningeanzia Tucumcari, New Mexico, maana mabango ya neoni ya moteli bado yanawaka pale, Blue Swallow ndo maarufu zaidi, na ukilala palepale mwenye moteli atakwambia bango linawashwa saa ngapi.

Sasa neoni jamani msisubiri giza totoro. Jua likishazama kaa kama robo saa hivi, mbingu ikianza kuwa bluu iliyokolea ndo piga, hapo paa linaonekana, gari la zamani lililopaki nje linaonekana, na taa haijaunguza picha yote. Pima mwanga kwenye mirija yenyewe sio ukutani, la sivyo ile nyekundu nzuri inatoka nyeupe. Afu shata, kile kifuniko cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, iende taratibu, 1/30 ya sekunde au polepole zaidi, kwa sababu taa hizi zinapepesa na umeme hata kama jicho halioni, ukipiga haraka sana unakuta picha hii inang'aa, inayofuata imefifia. Kwa hiyo tripodi lazima, usibishane na mimi kwenye hili.

Mchana mambo ni mengine. Huku magharibi barabara inakwenda sana sana mashariki na magharibi, na mabango yalisimamishwa yamtazame dereva anayekuja, maana yake upande mmoja unapata jua la asubuhi na wa pili la jioni. Saa sita nenda kale.

Glenrio, pale mpakani mwa Texas na New Mexico, kila mtu anapiga moteli iliyokufa anaondoka. Subiri kidogo, chukua lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, tafuta pembe ambayo malori ya I-40 yanaonekana yakipita kule nyuma, kwa sababu haiwei hiyo ndo iliyowanyang'anya wenye moteli wateja, na 1985 Route 66 ikafutwa kabisa kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani. Picha moja inakuwa imeeleza yote.

Na msiruke Luther, Oklahoma. Kuna sheli ndogo ya mawe, Threatt, ilikuwa ya familia ya Wamarekani weusi enzi ambazo msafiri mweusi alikuwa anafukuzwa kwenye moteli na migahawa kibao njiani. Ukipiga magari ya Cadillac na soda tu ukaacha hii, umepiga kumbukumbu za baadhi ya watu tu, mi naliona hilo ni kosa kubwa.

Mwisho, hata jengo lililobomoka lina mwenyewe, piga ukiwa barabarani, ukitaka kuingia omba. Na pale penye mgahawa unaofanya kazi ingia ununue chakula kabla hujatoa kamera.