Nafuu ya mwenye mia tano

Mhariri, wiki hii mmeuliza wasomaji: duka la bei nafuu mtaani kwenu limekusaidia kweli, na ungemshauri jirani yako ahamie huko? Naandika kutoka Ilazo, Dodoma. Jibu langu linategemea mtu anaingia dukani na shilingi ngapi. Mwenye hela ya mfuko mzima wa ngano limemsaidia sana. Mwenye mia tano mkononi, maduka mengi ya aina hii yanamuuzia ghali kuliko sisi wengine, na hilo linaniuma.

Mimi nauza chai, chapati na maandazi kwa mafundi wa majengo. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ujenzi huku haujapoa, na watu walipojaa maduka nayo yakafuata. Zamani ukikosa kitu kwa Mangi wa karibu na nyumbani, unapanda daladala hadi Soko la Majengo. Siku hizi katikati hapo yamejaa maduka ya jumla na rejareja yenye mabango ya bei poa, mchele umepangwa kwa madaraja kuanzia mlangoni, sabuni za mche zimerundikwa hadi darini. Kazi yangu inanifanya niwe mteja wa kila namna. Biashara ikichangamka nabeba mfuko wa ngano wa kilo 25. Mafundi wasipolipwa Jumamosi, hela hainizungukii, na Jumatatu nanunua kwa kilo. Duka lilelile, ngano ileile, ila chapati za wiki mbaya ndizo zinazonigharimu zaidi.

Mwenye duka ana hesabu zake, nazijua. Mfuko ukishafunguliwa unga unamwagika, kijana anakaa kupima, vifuko navyo vinanunuliwa. Kilo ikipishana kidogo na mfuko silalamiki. Ninachokataa ni bei ya robo kilo kuzidi robo ya bei ya kilo, maana zote mbili zinachotwa kwenye gunia moja lililokwisha kufunguliwa.

Kuna duka nililokuwa nikienda, kilo ya sukari imeandikwa 3,000 kwa maandishi makubwa kwenye kipande cha boksi. Robo haikuandikwa popote. Ukiuliza, mia nane. Siku moja mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele yangu akamwambia muuzaji, "Mwanangu, robo ya elfu tatu si mia saba na hamsini?" Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Hamsini haipo mama, labda nikupe pipi." Mama akaipokea ile pipi, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na funguo, akaondoka. Kijana sikumlaumu, bei hakuipanga yeye. Lakini piga hesabu: robo nne kwa mia nane ni 3,200. Mia mbili zaidi kwa kila kilo, na anayezitoa ni yule asiyeweza kushika elfu tatu kwa mara moja. Huyo ndiye aliyeandikiwa lile bango la bei poa, na ndiye asiyeipata.

Hili linarekebishika, nimeliona kwa macho yangu. Dukani ninakonunua sasa wana mizani ya kidijitali, na kioo chake kinamwelekea mteja. Muuzaji anaweka kwanza kifuko cha karatasi, anabonyeza mizani irudi sifuri, ndipo anachota. Bei ya kilo, tuseme 3,000, ameshaiingiza. Ukimwambia "sukari ya mia tano", anamimina taratibu mpaka upande wa bei usome 500, na upande wa uzito unasoma gramu 166 au 167. Ukizidisha, ni bei ya kilo moja, haijaongezwa kitu. Hakuna cha kutafuta hamsini wala cha kupewa pipi. Wanafunzi wa chuo wanakuja na mia tano zao, wabeba zege wanakuja na elfu yao, kila mmoja anapimiwa kwa bei ya yule aliyechukua kilo tano. Ubavuni mwa mizani kuna stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, kwa hiyo stika haipaswi kuwa imepitwa na muda. Ndugu wasomaji, tuwe tunaiangalia, hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Kuna mengine madogo, lakini yanajumlishana. Kwenye maduka mengine ukitaka kulipa kwa simu unaambiwa tuma kwenye namba ya kawaida, "na ya kutolea", yaani ada ya kutoa hela kwa wakala. Ukiongeza ya kutolea, ule unafuu wa bei umeliwa wote hapo mlangoni. Duka lenye lipa namba, ile namba maalumu ya kulipia biashara kwa simu, halikuombi hiyo. Bidhaa zinazokaribia kuisha muda nazo ni sababu mojawapo ya bei kushuka, na sioni ubaya, mradi mteja aambiwe. Hawa wa kwangu wanaziweka peke yake kwenye kreti karibu na mlango, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu inataja mwezi zinapoisha. Biskuti za watoto za kula leo naokota humo bila wasiwasi. Tarehe iliyokwanguliwa naiogopa, hata kama bei ni ya kutupa.

Kilichonifanya niliamini duka hili zaidi ni sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uzalishaji viwandani, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, na bado kuna sehemu kilo iliuzwa zaidi ya 4,000. Duka moja huku kwetu likaanza kumwambia mteja kwamba hapati sukari mpaka anunue na unga na sabuni. Fikiria mjamzito aliyetumwa sukari ya uji tu, anarudishwa na hela yake mkononi kwa sababu haitoshi kununua na kitu asichokihitaji. Duka ninalolisema halikufanya hivyo. Sukari ilipokuja waligawa kilo moja moja kwa kila mtu, na anayetaka robo akapewa robo. Mimi wa maandazi kilo moja ilikuwa hainitoshi, siku nyingine niliuza chai ya tangawizi isiyo na sukari na wateja wakaninunia. Lakini niliona haki ikitendeka na nikaridhika nayo.

Basi kwa jirani yangu nasema hivi: kwa sukari, mchele, ngano na maharage, ahamie, na kabla ya kuhamia aulize bei ya robo. Wakimtajia robo ya haki, hapo pamekaa sawa. Wakianza kuzungusha maneno, arudi kwa Mangi wake. Mangi bei yake iko juu kidogo, lakini ana daftari, na mwezi ukiwa katikati hamfukuzi mtu.

Mafuta ya kupima bado simshauri, hata dukani kwangu. Wilaya zetu na jirani zetu wa Singida wanalima alizeti kwa wingi, mafuta yanakamuliwa hukuhuku, na bado mafuta ya mia tano yanapimwa kwa kikopo kisicho na alama yoyote, ambacho kitako kimebonyea kwa ndani. Nimemwambia mwenye duka atafute kipimo chenye alama za mililita au ayapime kwa mizani kama anavyopima sukari, na bei ya kilo aiandike kwenye dumu. Amesema atalifanyia kazi. Hadi afanye hivyo, mafuta nitaendelea kuyafuata Majengo, kwa mama mmoja anayeuza kwenye chupa za lita na nusu lita, unaona kabisa yameishia wapi.