Filamu ni 5.1, spika za nyuma kimya: chaneli nne zinapotelea wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 11, TV ya inchi 43 na homu thieta ya DVD yenye spika tano na sabufa. Kompyuta nimeiunga kwenye TV kwa HDMI, kisha TV kwenye homu thieta kwa HDMI nyingine, matundu yote mawili yameandikwa ARC. Picha safi na sauti ipo, ila kioo cha homu thieta kinaandika PCM na spika za nyuma hazisemi kitu. Nikienda "Configure" kwenye Windows napewa Stereo tu, 5.1 (chaneli tano za spika na moja ya sabufa) haipo. Nikajaribu waya wa sauti kutoka tundu la kijani la kompyuta hadi AUX. Huko 5.1 ilikubali, lakini sauti za waigizaji zikapotea ukabaki muziki. Je, spika zimekufa au kompyuta haina uwezo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwa dalili ulizotaja, kompyuta ina uwezo na spika huenda ni nzima. Anayekukata ni TV iliyokaa katikati. Hata hivyo thibitisha spika kwanza, kwa sababu setingi haifufui waya uliochomoka nyuma ya kochi.

Weka DVD halisi ya filamu kwenye homu thieta yenyewe, au ingia menyu yake ya spika utafute "Test Tone", ile sauti ya mvumo inayozunguka spika moja baada ya nyingine. Usipime kwa muziki wa simu kupitia Bluetooth. Mashine nyingi huchukua sauti ya stereo na kuimwaga spika zote, ukadhani mambo yapo sawa. Spika ikiwa kimya, zima mashine, chomoa waya wake, kisha gusisha ncha zake mbili kwenye betri ndogo ya AA ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu. Spika nzima hutoa "twa!" na utando wake unasogea. Kwa mita, weka kipimo cha ohm: utaona namba ndogo, kati ya 3 na 8. Mita isiposoma kitu, ama waya umekatika ama koili imeungua. Angalia pia rangi za plagi. Homu thieta nyingi hufuata mpangilio huu: nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani kati, bluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa.

Sasa lile la AUX, maana ndilo limekuchanganya. Tundu la kijani nyuma ya kompyuta hubeba chaneli mbili tu, mbele kushoto na mbele kulia. Ulipochagua 5.1, uliiambia Windows kuwa una spika sita zilizounganishwa, nayo ikatii: maneno ya waigizaji, ambayo katika filamu ya 5.1 hukaa karibu yote kwenye chaneli ya kati, ikayapeleka kwenye tundu la rangi ya chungwa (au la pinki, kama bodi yako ina matundu matatu). Huko hakuna waya, kwa hiyo maneno yamemwagika chini. AUX ya homu thieta nayo ina njia mbili tu, nyekundu na nyeupe, hivyo kwa njia hiyo hutapata 5.1 hata ukesha. Rudisha Stereo kwenye tundu hilo leo hii. Windows itachanganya chaneli ya kati ndani ya kushoto na kulia, na maneno yatarudi.

Turudi kwenye HDMI. Ukichomeka waya, TV huitumia kompyuta kadi fupi ya utambulisho inayoeleza picha na sauti inazopokea. Kitaalamu kadi hiyo inaitwa EDID. TV ina spika mbili, kwa hiyo mara nyingi kadi yake inasema: sauti ghafi, yaani PCM, chaneli mbili. Kompyuta haibishani na konda. Akisema nafasi ni mbili, abiria wanne wanabaki kituoni. Ndiyo maana 5.1 huioni kwenye orodha. Haijalishi kwamba mbele ya TV kuna homu thieta yenye spika sita, kwani kompyuta haiioni.

Na ARC yenyewe, njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka TV hadi homu thieta, ina kikomo. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na haibebi sauti ghafi ya chaneli sita. Piga hesabu: sauti ghafi ya stereo, biti 16 kwa kilohezi 48, ni kilobiti 1,536 kwa sekunde, chaneli sita ni kilobiti 4,608. Waya wa optikali, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, una kikomo hichohicho. Kinachopita kwenye njia hizi ni 5.1 iliyobanwa: Dolby Digital, ambayo kwa ubora wake wa juu kabisa ni kilobiti 640 tu, au mshindani wake DTS. Yaani 5.1 ya Dolby ni nyepesi kuliko stereo ghafi. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1, ndiyo hubeba chaneli nane ghafi, lakini lazima iwepo kwenye TV na kwenye homu thieta pia. Homu thieta ya DVD haitakuwa nayo.

Kwa hiyo acha kuhangaika na "Configure". Ukurasa ule unahusu sauti ghafi. Unachotaka ni kuitoa Dolby kwenye faili ikiwa bado imefungwa, ipite kompyuta na TV bila kuguswa, ifunguliwe na homu thieta. Fuata mpangilio huu:

1. Kwenye TV, ingia setingi za sauti, sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka. Ondoa PCM, weka "Auto" au "Pass Through". Kama kuna setingi nyingine ya sauti inayoingia kwa HDMI, iweke "Bitstream". Baadhi ya TV hutoka kiwandani zikiwa PCM, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

2. Chomoa HDMI ya kompyuta, hesabu hadi kumi, rudisha. Bila hivyo kompyuta inaweza kuendelea kushikilia kadi ya zamani.

3. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Bonyeza mara mbili jina la TV yako, fungua ukurasa wa "Supported Formats". Ukiona Dolby Digital imeorodheshwa, bonyeza "Test" na utazame kioo cha homu thieta. PCM ikigeuka kuwa Dolby, njia imefunguka, hata kama "Configure" bado inang'ang'ania Stereo.

4. Kwenye ukurasa wa "Advanced" hapohapo, hakikisha vijisanduku vya "Exclusive Mode" vimewekwa tiki. Bila ruhusa hiyo programu haiwezi kupitisha Dolby. Windows itaifungua na kuigeuza stereo.

Kinachofuata ni programu ya kuchezea. Kwenye VLC nenda "Tools", "Preferences", "Audio". Chagua "Windows Multimedia Device output", weka "HDMI/SPDIF audio passthrough" iwe "Enabled", hifadhi, funga VLC na uifungue upya. Punguza sauti ya homu thieta kabla ya kujaribu. Kifaa cha mbele kikiichukua Dolby kama sauti ya kawaida, kitatoa kelele kali mfano wa mvua kwenye bati, na spika ndogo hazipendi mchezo huo. Dalili kwamba umefaulu ni kwamba kitufe cha sauti cha VLC hakifanyi kazi tena. Sauti iliyofungwa haiwezi kupunguzwa njiani, utatumia rimoti ya homu thieta.

Bado kimya nyuma? Kagua faili. Filamu ikiwa inacheza kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J, tazama ukurasa wa "Codec". Pale penye "Channels", 5.1 huandikwa 3F2R/LFE: tatu mbele, mbili nyuma, moja ya besi. Ikiandika Stereo, hakuna setingi duniani itakayozalisha spika za nyuma za kweli, na faili nyingi ndogo zinazozunguka kwenye flashi ziko hivyo. Tazama pia aina ya sauti. A52 ni Dolby Digital, itapita. DTS inategemea TV. Samsung, kwa mfano, waliacha kuipokea kuanzia TV za 2018, na hapo utapata picha bila sauti. AAC, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, ikiwa ya chaneli sita haipiti kabisa kwa njia hii. Kompyuta itaifungua, ione kadi ya TV inasema mbili, iikunje kuwa stereo.

Kwa DTS na AAC zipo dawa mbili. Ya kwanza ni programu ya bure iitwayo Kodi (haina uhusiano na TRA). Ingia "Settings", "System", badilisha kiwango cha menyu, kilichoandikwa chini kushoto, kiwe "Expert", kisha "Audio". Weka "Number of channels" iwe 2.0, "Output configuration" iwe "Best match", washa "Allow passthrough", kisha washa Dolby Digital pamoja na "Enable Dolby Digital (AC3) transcoding". DTS izime ikiwa TV yako haiitaki. Watu wengi wakiona 2.0 huibadilisha kuwa 5.1 kwa nia njema, na kile kipengele cha mwisho kinafifia, hakibonyezeki tena. Iache 2.0. Hiyo ni namba ya sauti ghafi tu, na ndiyo inayoiambia Kodi ifunge chaneli sita kuwa Dolby kabla ya kuzituma.

Ya pili ni kubadilisha sauti ya faili mara moja ukaimaliza, kwa ffmpeg, programu ya bure inayobadilisha faili za video na sauti kwa kuandikiwa amri:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu2.mkv

Picha na maandishi vinanakiliwa vilivyo, sauti pekee ndiyo inayofungwa upya, kwa hiyo filamu ya saa mbili humalizika kwa dakika chache. Hii naipendelea kwa mtu mwenye mkusanyiko mdogo, kwa kuwa faili hilo litacheza 5.1 hata ukilichomeka kwa flashi kwenye TV nyingi zenyewe.

Zipo TV ambazo hata ukibadilisha kila kitu, sauti ya HDMI inayotoka kompyuta huishusha kuwa stereo kabla ya kuitoa. Hatua ya 3 itakuonyesha: Dolby haimo kwenye orodha, au imo lakini kioo kinabaki PCM. Hapo usipoteze muda, iruke TV. Tazama nyuma ya kompyuta yako. Bodi nyingi za mezani zina tundu la optikali, la mraba, ndani linawaka taa nyekundu kompyuta ikiwa imewashwa. Kama lipo, na homu thieta ina "Optical In", waya mmoja unamaliza kazi. Toa kofia ndogo ya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili za waya, maana haionekani vizuri na huzuia plagi kuingia. Kwenye mmsys.cpl chagua kifaa cha "Digital Output", uweke tiki Dolby Digital mwenyewe, kwa sababu optikali haina kadi ya utambulisho. Kwenye VLC au Kodi nako elekeza sauti kwenye kifaa hicho.

Kompyuta isipokuwa na optikali, nunua kisanduku cha kuchomoa sauti kwenye HDMI. HDMI inaingia kutoka kompyuta, nyingine inatoka kwenda TV, na optikali inakwenda homu thieta. Chagua chenye swichi ya PASS, 2CH na 5.1CH, weka 5.1CH, ili kisanduku ndicho kiitolee kompyuta kadi badala ya TV. Kipe umeme wa volti 5 kutoka chaja ya simu. Usijaribu kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye HDMI ya homu thieta yako. Tundu lile limeandikwa "HDMI OUT (ARC)", ni la kutoa picha ya DVD, haliingizi.

Michezo ya kompyuta ni habari nyingine. Sauti ya mchezo haiji ikiwa Dolby, hutengenezwa papo hapo ikiwa ghafi, kwa hiyo kwa ARC au optikali utasikia stereo mpaka draiva ya kadi yako ya sauti iwe na Dolby Digital Live. Ukiwa nayo utaiona kwenye ukurasa wa "Advanced", katika orodha ya kuchagua biti na kilohezi.

Na kwa wasomaji wenye sabufa za mtaani zilizoandikwa 5.1: geuza mashine, hesabu matundu ya kuingizia. Yakiwa mawili, hiyo ni stereo iliyogawanywa kwa spika nyingi. Yakiwa sita, FL na FR (mbele), SL na SR (nyuma), C (kati) na SW (sabufa), unahitaji waya tatu za pini ya milimita 3.5 kwenda RCA (zile plagi za nyekundu na nyeupe) mbili mbili: kijani kwenda FL na FR, nyeusi kwenda SL na SR, chungwa kwenda C na SW. Pini ziwe na miviringo miwili meusi. Zile zenye mitatu, zinazouzwa na RCA ya njano kwa ajili ya kamera, zitakupa mvumo na chaneli moja. Maneno ya waigizaji yakitokea kwenye sabufa, badilishana C na SW tu. Kwa laptopu yenye tundu moja, nunua kadi ya sauti ya USB yenye matundu matatu au zaidi ya kutolea sauti. Kile kidude kidogo chenye tundu la hedifoni na la maiki, kilichoandikwa "7.1", kinatoa stereo.