Kwa nini kelvini 1.9 ilhali 4.2 ingetosha?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba waya wa niobi na titani hupoteza ukinzani wake wote wa umeme unapopozwa chini ya takriban kelvini 9, na kwamba heliamu huchemka kwenye kelvini 4.2. Iweje basi sumaku za LHC, mashine ya kuongeza kasi ya protoni katika maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, zipozwe hadi kelvini 1.9? Je, si kupoteza fedha?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Mwalimu wako hakukosea, ila kizingiti hicho cha kelvini 9 ni cha waya usiobeba mkondo wala kuzungukwa na uga wa sumaku. Kadiri mkondo na uga vinavyopanda ndivyo kizingiti kinavyoshuka, na sumaku 1,232 zinazopinda njia ya protoni katika mzunguko wa kilomita 27 zilisanifiwa kufikia tesla 8.33 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) kwa mkondo wa karibu ampea 12,000. Kiongeza-kasi cha Tevatron nchini Marekani, kilichotumia heliamu ya kawaida, kiliishia kwenye tesla 4 na ushei.

Hata hivyo, sababu inayonivutia zaidi imo katika heliamu yenyewe. Ikishuka chini ya kelvini 2.17 huwa supafluidi, hali iliyotangazwa mwaka 1938 na Kapitza wa Moscow, na Allen na Misener wa Cambridge. Mnato wake hupungua hata ikapenya katika mianya finyu baina ya nyaya, na joto husafiri ndani yake kwa wepesi usiopatikana hata katika shaba. Maji ya sufuriani hutoa viputo pale moto ulipo. Supafluidi haitoi, kwa kuwa joto huenea kote kabla ya sehemu moja kuzidiwa.

Kwa hiyo sumaku hizo zimezamishwa katika heliamu iliyotulia, isiyosukumwa na pampu. Katikati yake hupita bomba la shaba lenye heliamu nyingine, ambayo kanieneo yake imeshushwa hadi takriban milibari 16 ili ichemke chini ya kelvini 1.9; joto la sumaku hupenya ukuta wa bomba na kuondoka na mvuke. Kuuvuta mvuke mwembamba kiasi hicho ndiko kunakogharimu, na hapo swali lako la fedha lina uzito.

Ubaridi huo, lakini, hauponyi kiungo kibovu. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo kimoja cha nyaya baina ya sumaku mbili kilishindwa kubeba mkondo, cheche zikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa zikavuja, na mashine ikakaa zaidi ya mwaka bila kazi.