Kozi za mtandaoni zinatosha kabisa, ila tafuta mteja mapema

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyemaliza form six, hana ada ya chuo, ana laptopu ya mtumba na bando la kuungaunga, anaweza kujifunza programu mtandaoni mpaka akafungua biashara yake. Jibu ni ndiyo, na mimi nimepita njia hiyohiyo hapa Mwanza.

Kwenye kusoma sikuchoshi. Anza na CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya chuo cha Harvard, masomo yote bure, kinacholipiwa ni kile cheti cha edX tu, tovuti inayoiweka kozi hiyo. Inaanza na Scratch kidogo halafu inaingia lugha ya C na itakutoa jasho kweli lakini usiikimbie, hapo ndo unajifunza kufikiri. Video shusha usiku kwa bando la usiku, mchana soma maandishi, mfano maelekezo yote ya lugha ya Python unayashusha mara moja unasoma bila intaneti.

Sasa tatizo ninaloliona kwa vijana wetu, na linaniuma, ni kumaliza kozi moja unaingia nyingine halafu ukija kutengeneza kitu unatengeneza app ya simu janja kama ya Marekani wakati mtu unayetaka akulipe anatumia kiswaswadu. M-Pesa ilivyoanza Kenya 2007 haikuhitaji intaneti, na huku bongo mpaka leo watu wanabonyeza *150*00#. Hata ile programu ya Wakenya inayoitwa Ushahidi, 2008 baada ya zile vurugu za uchaguzi wa Kenya, watu walikuwa wanatuma taarifa hata kwa SMS ya kawaida zinaonekana kwenye ramani.

Mteja wangu wa kwanza ni mama mmoja anauza dagaa kwa jumla pale mwalo wa Kirumba. Anakopesha watu wa mikoani, madeni yote kwenye daftari, na daftari la mwaloni unalijua, limelowa, kurasa zimegandana, majina nusu hayasomeki. Nikamtengenezea menyu ya USSD, yaani ya kubonyeza nyota na reli kama ile ya M-Pesa, kupitia Africa's Talking, kampuni inayounganisha programu yako na mitandao ya simu, wale wana sehemu ya majaribio bure, unajaribu menyu yako kwenye kompyuta kabla hujalipia namba. Kanuni yake nyepesi, jibu unalorudisha likianza na CON mtu anaendelea, likianza na END imeisha. Ila herufi ni 182 tu kwa skrini moja kwahiyo kila neno unalipima.

Kilichonifunza zaidi ni kukaa naye pembeni akitumia. Yuko katikati ya kuandika deni, anatokea mteja, anaweka simu chini anaenda kupima dagaa, akirudi sesheni imeshakatika na kila kitu kimepotea. Ikabidi kila hatua niihifadhi kwenye databesi kwa namba yake ya simu, akipiga tena anaulizwa aendelee alipoishia au aanze upya. Halafu yeye deni anahesabu kwa magunia kwanza, hela baadae, so menyu ikabidi ifuate hivyo. Hayo hakuna kozi niliyosoma iliyonifundisha, na ndo yamefanya wenzake pale mwaloni wakubali kulipia kila mwezi.

Mambo ya makaratasi usiyaache mwisho. Jina la biashara unasajili BRELA, TIN (namba ya mlipakodi) unachukua TRA, na kwa vile unashika majina na namba za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, inakutaka ujisajili kwenye tume yao. Namba ya USSD anza na ya kuchangia na wengine, ya peke yako ni gharama kwa anayeanza.

Na tafuta mtu wa kukusomea kazi yako, hata mmoja. Ukisoma peke yako chumbani programu ikikubali tu unaridhika, mwenzio ndo anakuuliza mteja akiingiza herufi badala ya namba inakuwaje. Ukianza CS50 weka kazi zako GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu unazoandika, unitumie linki inbox, jioni huwa nipo nitakuangalizia.