Kabla ya kuamini mizani: kwa wanaoanza kupima mafuta ya panya

Kazi hii niliianzia katika maabara moja ya Nakuru kabla ya kuhamia Kisumu, na ningependa mwanafunzi mgeni ajue mapema kwamba gramu za mafuta hazisemi lolote mpaka ieleweke kama panya alikuwa dume au jike, alilala katika joto gani na alikula lini mara ya mwisho.

Baridi ndiyo inayowapotosha wengi. Chumba cha nyuzi 22, ambacho sisi twakiona cha kupendeza, kwa mnyama mdogo kama panya ni baridi, kwa kuwa mwili wake hauhitaji kujitengenezea joto la ziada unapokuwa kwenye nyuzi 30 hivi. Chini ya hapo, mishipa ya fahamu huyaamsha mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, ambayo yamejaa mitokondria (vinu vidogo vya nishati ndani ya seli) na protini iitwayo UCP1, inayoigeuza nishati hiyo kuwa joto, na mafuta hayo huunguzwa ili kumpasha panya joto. Baridi ikiendelea kwa majuma kadhaa, hata sehemu ya mafuta meupe ya chini ya ngozi huanza kufanana na yale ya kahawia. Usiku wa Nakuru si usiku wa Kisumu kando ya ziwa, nami nililisahau hilo: kundi moja niliwaweka karibu na dirisha, kila panya peke yake, na jingine rafu ya ndani, wannewanne wakilala wamekumbatana. Matokeo yalitofautiana sana, lakini sikuweza kueleza sababu, na kazi ya miezi mitatu ikaenda na maji.

Kuhusu kufunga, kumbuka kwamba panya hula usiku. Ukimwondolea chakula jioni hadi asubuhi, humkoseshi kifungua kinywa tu bali karibu mlo wake wote wa siku, na sehemu kubwa ya uzito unaopungua ni maji na vilivyomo tumboni. Mafuta yenyewe hayatoki kwa usawa. Asidi za mafuta zenye viungo maradufu vingi kati ya atomi zake za kaboni (yaani zisizojaa hidrojeni) hutangulia kutoka, kwa hiyo yanayobaki hubadilika wingi na hata muundo. Badilisha pia maranda anayolalia, kwa maana panya hula kinyesi chake (mgeni hushangaa, lakini ndivyo alivyo), na maji yasikosekane. Ukimkuta aliyefunga kwenye chumba cha baridi amepoa na kuzubaa, huenda amepunguza joto la mwili ili kubana matumizi. Hata hivyo mwite daktari wa mifugo, usikisie.

Kwa upande wa jinsia, madume wa C57BL/6, ukoo mmoja wa panya wa maabara, hunenepa upesi kuliko majike wakilishwa mafuta mengi, na majike walioondolewa ovari hupoteza sehemu ya kinga yao dhidi ya unene. Mafuta ya kando ya korodani na yale ya kando ya ovari yasilinganishwe kana kwamba ni kitu kimoja.

Weka kipimajoto kwenye rafu yenyewe, si ukutani. Mafuta ya kahawia nayo yapime mara tu uyatoapo, baada ya kuyaondolea meupe yaliyoyafunika, kwani ni machache na hukauka upesi.